Mshono Unaotazama Ukuta

Nilianza na daftari, kama ninavyoanza kila kitu,
mimi Urve, karani wa hesabu katika kiwanda cha mikate,
miaka hamsini na saba, mikono yangu haijawahi
kubeba kitu kizito kuliko jedwali la mishahara.
Nilichora safu tatu kwa rula:
mashine ya gesi, mashine ya waya wenye dawa, mashine ya vijiti;
bei, uzito, umeme inaoula.

Ya gesi inashona laini kama cherehani,
alisema muuzaji pale Võru, akiifuta vumbi.
Lakini mtungi wake unadai kodi,
na gereji yangu, ya tisa katika safu ya kumi na mbili
zilizojengwa enzi za Wasovieti, kila moja upana wa gari na pumzi,
ina mlango usiofunga. Upepo ukiingia
gesi inapeperuka, mshono unatoboka kama mkate.
Nikaifuta safu ya kwanza.

Nikachukua ya vijiti: inveta nyekundu, kilo tano,
mtumba, ina mkwaruzo ubavuni.
Kwenye kofia sikubana senti. Rahisi ghali,
na macho hayana spea.
Glavu za ngozi zikanipwaya;
za wanawake, alisema, huwa haziagizwi.

Januari. Nikavaa koti la sufu la kaka yangu Taavo,
nikagusa chuma. Kijiti kikanasa.
Nikaongeza umeme. Kikanasa.
Nikakitikisa kama ninayeng'oa jino la ng'ombe,
kikawa chekundu chote mpaka kwenye koleo,
na pwaa! giza,
si langu tu, la safu nzima;
redio ya Kalju, gereji ya saba,
ikakatika katikati ya utabiri wa theluji.

Akaja na tochi. Hekima hakuleta.
Alileta matusi mawili ya kizamani, akauliza ampea ngapi.
Mia na thelathini.
Kwa kijiti chembamba hivi? Unaunda meli?
Akazungusha kitufe hadi themanini, akaondoka na mwanga wake.
Nje, gizani, akapaza sauti:
na vijiti vyako vina unyevu!

Nikavioka. Nyuzi mia na ishirini, saa nzima, kwenye trei.
Binti yangu Liisu alifungua oveni akitafuta biskuti.

Februari yote nilishona vyuma visivyokwenda popote.
Sikio lilijifunza kwanza: ukiwa mbali, mwali unapayuka;
ukisogea mno, unakabwa;
katikati hapo unakaanga, taratibu,
kama mafuta ya nguruwe kikaangoni.
Kisha jicho: mwali wenyewe usiutazame,
tazama kiziwa cha moto kilicho nyuma yake,
kinavyolamba kingo mbili
hadi zisahau kwamba zilikuwa mbili.
Nikachoma bomba lililopakwa zinki; usiku nikatetemeka kwa homa.
Daftarini: zinki, hapana. Mistari miwili chini yake.

Na furaha ile haina safu:
ukigonga kwa nyundo, mavi ya chuma yakabanduka ganda zima,
mshono ukang'aa chini yake, magamba kwa magamba.
Mara moja katika kumi.
Mara tisa, mavi tu.

Aprili, jiko la sauna. Taavo alitaka la dukani.
Kona tatu nilizishona kwa heshima zake.
Ya nne niliishona nimechoka, ikavimba, ikachimbika,
nikaijaza tena, ikawa kama kovu
la mtu aliyeshonwa ndani ya treni.
Grinda ilikuwepo. Lakini ukisaga sana
unaondoa hata kinachoshikilia.
Nikaigeuzia ukutani.

Jumamosi mawe yakapata moto, Taavo akamwaga maji,
mvuke ukatufunga midomo.
Kalju, aliyealikwa kwa ajili ya ile redio,
akainama, akachungulia nyuma ya jiko
muda mrefu, kama asomaye barua isiyo yake.
Huu, akasema, hautaachia.

Akajifuta jasho. Bawaba ya mlango wake, akasema, imekatika;
labda ningeitazama.

Nikamuuliza kwanza:
ina zinki?